Joto la Tatu

Mbwa yule alifika kwetu akiwa amekaa mbele kwenye lori, karibu na mume wangu, mahali ambapo mimi mwenyewe sikuwahi kuketi hata siku moja. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala, na tulikuwa tumepata nyumba ya matofali huko Kasha, mtaani Bagira, vyumba viwili na jiko la nje uani. Mume wangu alikuwa dereva wa Mzungu mmoja wa kahawa. Mzungu alipohamia shambani kwake upande wa Kalehe, mke wake akasema hataki tena mbwa nyumbani, na bwana akampa dereva wake, aliyebaki kuendesha lori lake la mjini, kama mtu anavyotoa koti lililombana.

"Weye unaletea siye imbwa ya Muzungu?" nilimwuliza mume wangu. "Ile walifundisha kubwekea batu beusi?"

"Itazoea," akasema. "Angalia kifua yake, Maman. Angalia miguu."

Alikuwa jike, mgongo mweusi, miguu ya kahawia, masikio yamesimama. Majirani walivuka barabara walipomwona. Wiki nzima alimbwekea kila mtu isipokuwa mume wangu, na mimi nilimchukia kabisa, sifichi. Halafu siku moja mtoto wangu wa kwanza, aliyekuwa bado anatambaa, alimfikia kabla yangu, akamshika sikio akalivuta kwa nguvu zake zote. Mbwa hakufanya kitu. Alinitazama tu, kana kwamba ananiomba nije kumtoa mtoto wangu taratibu. Tangu siku hiyo tulipatana, na wali wangu wa Jumapili tulikuwa tunagawana.

Mume wangu alitoka kwa wawindaji wa Mwenga. Mbwa wa kwao ni mfupi, mkia umejikunja, habweki, kwa hiyo anavalishwa kengele ya mti shingoni ili mwenyewe ajue alipo porini. Mbwa wa namna hiyo hauzwi. Anayemtaka anaomba tumbo: anakuja mapema, mbwa hajapandwa bado, anasema katika tumbo lijalo nitunzie jike, au dume, na mwenye mbwa akishakubali, neno limekwisha. Kulivunja ni aibu kubwa kuliko kukosa mahari. Na walikuwa na sheria nyingine ambayo baba mkwe wangu aliishika maisha yake yote: jike akiingia joto la kutaka dume, apandwe. Kila joto, bila kuacha hata moja. Joto lililoachwa, walisema, linageuka ugonjwa ndani ya mwili. Mbwa wake walizaa vizuri na walizeeka, nani angembishia?

Basi joto la kwanza lilipokuja, kaka mkubwa wa mume wangu alipanda lori kutoka Mwenga na dume lake lenye kengele. Watoto saba. Wakaenda kwao ndani ya vikapu, mchanganyiko wa ajabu, masikio ya Ulaya na mkia wa Mwenga. Maziwa ya mama yao hayajakauka vizuri, joto likarudi. Tulifurahi kama wajinga. Mume wangu alitembea Kasha nzima akisema ana mbwa aliyebarikiwa. Watoto sita tena.

Lakini mimi ndiye niliyemlisha, na mimi ndiye niliyeona. Nilimpa bugali, vichwa vya ndakala, wale samaki wadogo, mifupa niliyoomba kwa wachinjaji wa soko la Nyawera, na bado uti wa mgongo ulionekana kama kamba chini ya ngozi. Nywele zilibaki mkononi nikimpapasa. Watoto wakija kunyonya alisimama akaondoka, nao wakining'inia chini yake, hadi wadondoke mmoja mmoja. Mimi mwenyewe nilikuwa na mtoto kifuani. Najua mwili unavyokuwa unapotaka kusema basi.

Siku ya sindano ya kichaa cha mbwa nilimpeleka kwenye posti ya mifugo. Pale palikuwa na mganga wa mifugo, mtu wetu, mpole, mwenye mikono mikubwa. Kabla ya kuchoma sindano alimpapasa mbavu, akampapasa tumbo, akarudi tena mbavuni.

"Maman, hii imbwa imezala mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ndani ya myaka ngapi?"

"Mwaka moja tu, Muganga."

Akaiweka sindano mezani. "Imbwa ya kwenu kule kijijini, inaingiaka joto mara ngapi kwa mwaka?"

Nikafungua mdomo kumjibu, na jibu likanitoka kabla sijalielewa. Mara moja. Mbwa wetu wanaingia joto mara moja kwa mwaka, kila mtoto wa kijijini anajua hivyo.

"Ya Wazungu ni mara mbili," akasema. "Munahesabu joto, hamuhesabu myezi. Sheria yenu iko ya imbwa yenu, haiko ya hii. Hii akizala, joto yenye inafuata muiruke. Mara moja kwa mwaka, si zaidi. Na akishazala mara tatu ao ine, apumuzike kabisa. Sasa sikia muzuri: joto yenye iko nakuja, akipandwa, mwili yake haina tena kitu ya kutoa. Maziwa itatoka ndani ya mifupa. Atakufa akiwa nanyonyesha."

"Nimufungie siku ngapi?"

"Juma tatu. Juma tatu nzima, Maman."

Jioni nilimweleza mume wangu. Aliacha kula. Kumbe alikuwa ameshaahidi tumbo la tatu, jike, kwa kaka yake yule yule. "Muganga wa bangombe njo atanifundisha imbwa?" akasema. "Baba yangu alifuga imbwa mbele ule muganga azaliwe."

"Baba yako alifuga imbwa ya joto moja kwa mwaka."

Hapo akawa mkali. Akasema nimemweka mdomoni mwa watu wa Mwenga. Akasema neno lake si karanga, siwezi kulitafuna nikalitema. Nikamwambia basi akazae yeye hao watoto. Siku nne tulizungumza kupitia mtoto.

Joto la tatu likaja. Niliona tone la damu sakafuni, nikamfungia mbwa jikoni, nikatia komeo, nikahamishia mafiga nje na kupika kwenye mvua. Kuanzia siku ya pili madume wakafika, sijui walitoka wapi wote, hadi Bagira nzima nadhani ilikuwa uani kwangu. Mmoja wa manjano, mwenye sikio lililochanika, alilala mlangoni kama mpangaji. Walichimba chini ya ukuta, nikaziba kwa mawe. Niliwamwagia maji ya majivu, wakarudi wamelowa. Ndani mbwa wangu alilia na kukwaruza mbao, akitaka kutoka, na hilo ndilo lililonichosha: nilikuwa namlinda dhidi yake mwenyewe. Mume wangu alipita kwenda kazini na kurudi, bila kusema fungua wala funga.

Siku ya sita, saa sita mchana, nilisikia kengele ya mti barabarani. Shemeji yangu aliingia uani akilivuta dume lake. Mume wangu alikuwa nyumbani, amerudi kula. Mimi nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Nilisimama mbele ya mlango wa jiko na mchi mkononi, na sikujua ningeufanyia nini.

Shemeji hakunitazama. "Kadogo," akamwambia mume wangu, "juu ya nini muke wako analinda mulango?"

Mume wangu alinitazama, akautazama mchi, akamtazama kaka yake. Kama angesema neno moja ningelazimika kusogea, maana ilikuwa nyumba yake na mbwa wake.

"Tumbo hii hapana, Yaya," akasema, akitumia jina la heshima la kaka mkubwa. "Joto hii tunaruka."

Shemeji alicheka. Halafu akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. "Ulinipatia neno na kinywa yako," akasema. Nilimletea kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akaikataa, hata maji aliyakataa, na kukataa maji nyumbani kwa mdogo wako si jambo dogo. Akaondoka, na kengele ikapotea upande wa barabara kuu. Mume wangu aliketi kizingitini, mikono kichwani. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu, na sikumwambia.

Siku ya kumi na moja damu ilikata. Nilikagua sakafu asubuhi, nikakagua adhuhuri, hakuna. Mganga alisema juma tatu, lakini nikajiambia mwanaume atajua nini mambo ya damu. Waganga wanaongeza siku kama mama mkwe anavyoongeza chumvi. Damu ikiisha, imeisha. Mimi ni mwanamke, nimezaa, nilidhani najua. Sikujua kwamba kwa mbwa jike, damu inapokata ndipo mimba inaposhika. Sikuuliza. Hasira bado inanipanda ninapoandika hivi, maana posti ya mifugo haikuwa mbali.

Kesho yake asubuhi jiko lilikuwa linanuka hadi chumbani. Uani hapakuwa na dume hata moja. Nikafungua komeo, mbwa akatoka akajinyoosha juani, nikaenda bombani na ndoo kuchota maji ya kuliosha jiko. Bombani kulikuwa na foleni na maneno ya wanawake, nami nilikuwa sijacheka siku nyingi. Nilikaa.

Niliporudi, alikuwa nyuma ya jiko na yule wa manjano. Walikuwa wameshashikana, matako kwa matako, kila mmoja anatazama upande wake. Nikamwaga ndoo nzima juu yao. Hawakuachana. Nilisimama pale nimelowa miguu, mtoto mgongoni anacheka, hadi wenyewe walipomaliza. Kisha nikamrudisha jikoni nikatia komeo, na nikaendelea kulinda mlango siku zote zilizobaki, nikiwafukuza madume kwa mawe, ili mume wangu aone.

"Iko muzuri?" aliniuliza jioni ile.

"Iko muzuri."

Huo ndio uongo mkubwa niliomwambia mume wangu katika ndoa yetu. Wiki zilipita na tumbo likaanza kuonekana. Alilitazama, mimi nikatazama chungu. Nilingoja aulize. Hakuuliza, nami nikachukua kunyamaza kwake kuwa dharau, kwamba amenielewa na amenihukumu. Nilimpa mbwa nyama yangu. Nilimpa maziwa ya kopo ya mtoto. Nilipapasa mbavu zake kila asubuhi, na kila asubuhi zilikuwa juu zaidi, huku tumbo likishuka.

Alizaa watano. Wawili walikufa siku ya kwanza. Watatu walinyonya kama vile wanadai, wakanenepa, wakang'aa, na yeye akayeyuka. Nikaanza kusema moyoni labda mganga alitia chumvi. Wiki ya tatu, mchana, tukiwa tunakula, nilimwona anatetemeka pale kwenye gunia lake. Nilidhani ni baridi. Halafu miguu ikakakamaa, akawa anahema mdomo wazi, macho yananitafuta.

Nilimwachia mume wangu mtoto, nikakimbia. Kwenye posti nikaambiwa mganga ameenda kuchanja ng'ombe. Nilingoja nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa kulinishinda. Alipotokea kwa baiskeli hata hakushuka. Nilisema maneno mawili na kumtajia nyumba, akageuza baiskeli, mkoba wa sindano ukiwa begani, akapiga pedali mbele, mimi nikimfuata mbio kwenye matope ya Bagira, kitenge mkononi.

Nilipofika, mganga alikuwa amepiga magoti, sindano haijafunguliwa. Mbwa alikuwa amekufa. Watoto watatu walikuwa bado wanavuta matiti, wakiyasukuma kwa miguu yao midogo ili maziwa yashuke. Mganga hakusema kwamba alinionya. Angesema, ningemshukuru. Alisema tu watoto wapewe maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, akaondoka akisukuma baiskeli.

Tulibaki wawili. "Ni miye," nikasema. "Nilifungua mulango. Damu ilikuwa imeisha, nilizani imekwisha yote."

"Najua," akasema mume wangu.

"Unajua namna gani?"

Alikuwa anamtazama mbwa, si mimi. "Ile siku lori iliharibika. Nilirudi nyumbani saa ine. Weye ulikuwa kwa bomba. Ile ya manjano ilikuwa naingia kwa kiwanja, haiyamufikia bado. Nilishika jiwe."

"Na ile jiwe, ulifanya nayo nini?"

"Niliiweka chini." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilisema kama ni imbwa yenyewe inataka, hakuna mutu alivunja neno. Si weye, si miye. Na Yaya atapata jike yake. Njo nikarudi ku kazi."

Wiki zote zile nilikuwa nimejitafuna roho peke yangu. Nilitaka kumpiga kwa chochote kilichokuwa karibu. Nilitaka pia kujipiga. Niliinama, nikatazama watoto, nikamkuta jike mmoja kati ya wale watatu. Nikamtoa kwenye titi. Alilishikilia hadi mwisho, likatoa sauti alipoliachia.

"Njo huyu," nikasema, nikamweka mikononi mwa mume wangu. "Jike ya kaka yako."

Alimpokea kwa mikono miwili, namna watu wa kwao wanavyopokea kitu kutoka kwa wakwe, akashindwa kuinua uso. Kitoto kikahangaika hapo viganjani, kikapata kidole chake, kikaanza kukinyonya. Hakukitoa.