Shangazi Unaisi na Mwamba wa Mtani

Mimi na shangazi yangu Unaisi tulisoma darasa moja chuoni Suva, na nasema wazi kabisa: siku moja alinitia aibu mbele ya watu mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Ana miaka arobaini na saba. Miaka ishirini na mitatu amefundisha jiografia shule ya msingi kisiwani kwetu, na hakuna mtoto wa pale asiyeweza kuchora ramani ya Pasifiki bila kutazama kitabu. Halafu ikaja amri kutoka juu: mwalimu asiyepata shahada ndani ya miaka minne, nafasi yake anapewa mwingine. Shangazi akakunja mkeka wake, akahamia chumbani kwangu, akajiandikisha kusoma jiografia ya siasa pamoja na watoto wa rika langu.

Mwaka wa nne ulipofika mwisho alibakiza somo moja tu, mipaka ya bahari, la Daktari Shalendra. Alama nyingi zilikuwa za zoezi moja. Nchi mbili za kubuni zinagombea mwamba ulioko katikati ya bahari, pamoja na jodari wote wanaopita upande ule. Timu mbili zinakaa mezani kujadiliana, na neno la kiongozi likishatamkwa linaandikwa, halifutiki. Ukianguka zoezi umeanguka somo, na Shangazi akianguka somo, darasa lake kule kisiwani lina mwenyewe mwingine.

Timu yetu ilimchagua yeye awe kiongozi, mimi msaidizi wake. Timu ya pili ilimchagua Apisai, kijana mrefu wa miaka ishirini na miwili, mvivu wa kusoma lakini ulimi wake haupati usingizi. Siku ya kwanza ya somo hilo Shangazi alimuuliza lile tunaloulizana wote.

"Wewe mwana wa wapi?"

"Navatuloa."

"Toba! Ndiyo maana tangu asubuhi nasikia darasa linanuka!"

"Kwani wewe wa wapi, bibi?"

"Nasavu."

Apisai akashika kichwa. "Jamani, ficheni chakula! Nasavu wameingia chuoni!"

Mizimu ya kijiji chetu cha Nasavu na ya kijiji cha Navatuloa ni ndugu, kwa hiyo sisi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikutukana unacheka. Mtani akiingia kwako akachukua kuku, unamfungia na mihogo ya kulia. Akiomba kitu humkatalii, maana ukikataa habari itafika kijijini kabla yako. Basi tangu siku ile hatukupumua. Apisai alichukua mwavuli wa Shangazi katikati ya mvua ya Suva, akaondoka anapiga mluzi. Kesho yake Shangazi alimnyang'anya roti yake, chapati ya kukunja na mboga, mkononi pale kantini.

"Lete hiyo, mwana wa wezi wa viazi!"

"Chukua, bibi, lakini utaitafuna na nini? Meno yenyewe umebaki na mangapi?"

Daktari Shalendra ni mzaliwa wa Labasa, mji wa visiwa hivihivi vyetu, anatujua fika. Alituonya mapema. "Jumatatu ya zoezi sitaki utani mezani kwangu. Pale kuna sheria ya bahari tu."

Tulijiandaa wiki tatu. Mimi nilichora ramani kumi na moja, nina ganzi ya vidole mpaka leo. Jumatatu ikafika, Apisai akapewa nafasi ya kwanza ya kusema. Alifunua karatasi yake, nami nikaona kwa macho yangu kwamba haina hata mstari. Akatabasamu.

"Mtani," akasema, "naomba mwamba."

"Chukua," akajibu Shangazi.

Shangazi mwenyewe aliziba mdomo kwa viganja viwili. Apisai alitoa macho, maana alikuwa anatania tu. Daktari Shalendra akainamisha kichwa, akaandika, kisha akatupa mapumziko ya robo saa.

Nilimvuta Shangazi mpaka nje ya mlango. "Umefanya nini? Wiki tatu, Shangazi! Ramani kumi na moja!"

"Mdomo umenitangulia, Losena."

"Ungesema hapana!"

"Nimkatalie mtani mbele ya watu? Mama yake angesikia."

"Mama yake hasahihishi mitihani!"

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Nimejifukuza kazi mwenyewe," akasema, nami hasira ikaniisha palepale, nikabaki na huruma tu. Alijifuta kwa upindo wa nguo, akatoa kijitabu cha sheria mkobani, akaanza kusoma huku kidole kinafuata mistari.

"Ule mwamba una maji ya kunywa?"

"Hauna."

"Mtu anaweza kuishi pale?"

"Hata ndege hawalali pale, Shangazi."

Akafunga kijitabu, akaingia ndani.

"Mtani," akasema alipokaa, "mwamba ni wako, neno langu sirudishi. Lakini mwamba usiokalika na watu, kwa sheria, unapata maili kumi na mbili za bahari kuuzunguka, hauongezewi. Chukua na hizo. Sasa ni zamu yangu. Naomba bahari yote iliyobaki, na samaki wake."

Timu ya Apisai ililipuka. "Kataa! Apisai, kataa!" Msichana mmoja alimvuta shati mpaka kifungo kikaruka. Kijana wa watu alikuwa anatokwa jasho. Aliwatazama wenzake, akamtazama Daktari Shalendra, akamtazama Shangazi.

"Chukua," akasema kwa sauti ndogo. "Mle mpaka mpasuke!"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka maktaba. Daktari Shalendra alipiga meza. "Haya ni mazungumzo au harusi?" Akaamuru kila kiongozi achore mpaka wake ubaoni na kuutetea kwa sheria. Apisai alichora kitu kama mguu wa kuku, maswali mawili tu akakwama. Shangazi alichukua chaki, akachora bahari nzima kwa mkono mtupu kama anavyowachorea watoto wake, akajibu maswali tisa bila kutafuta neno. Likabaki la kumi.

"Mama Unaisi, ulipoutoa ule mwamba, hesabu hii ulikuwa umeshaipiga?"

Nilimwomba Mungu Shangazi adanganye.

"Hapana, mwalimu. Nilikosea. Hesabu nimeipiga nje ya mlango, nikilia."

Daktari Shalendra alicheka mpaka akavua miwani.

Ijumaa matokeo yalibandikwa mlangoni. Shangazi alikuwa na sitini na nne. Alipiga kelele, nikambeba, tukaanguka wote wawili kwenye dimbwi, wala hatukujali. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo kwa alama zangu mwenyewe. Kisha akainuka, akarudi mlangoni na matope yake, akashusha kidole kwenye orodha. Apisai, arobaini na tatu. Mtihani wa marudio, Januari.

Apisai alikuwa nyuma yetu, mikono mfukoni. "Hongera, bibi," akasema. "Nasavu mmeshiba tena." Alicheka, lakini macho hayakucheka.

Meli ya kisiwani kwetu ilikuwa inaondoka Jumamosi alfajiri. Mizigo ya Shangazi ilikuwa imefungwa, na kule nyumbani watoto walishaanza kutunga mashada ya maua ya kumvisha. Jioni ile nilimkuta anafungua kamba za mkeka. Alikuwa ameshampigia simu mwalimu mkuu kwamba shahada anayo, ila yeye atafika na meli ya Januari.

"Krismasi je?" nikamuuliza. "Watu wote wanakungoja!"

"Alijua anaanguka, Losena," akasema. "Alijua, na bado alisema chukua."

Asubuhi tulikwenda bwenini kwa wavulana. Shangazi aligonga mlango wa Apisai kwa kijitabu cha sheria mpaka majirani watatu wakatoka.

"Amka, mvivu wa Navatuloa!"

Apisai alitokeza kichwa, usingizi tele usoni. "Bibi! Meli imekuacha?"

"Nimeiacha mimi. Tafuta kalamu, tunaanza ukurasa wa kwanza."

Nilingoja tusi lake. Badala yake kijana aliondoa nguo zake chafu kwenye kiti cha pekee kilichokuwamo, akakipangusa kwa shati lake, akamsogezea Shangazi akae.