Shingo Jumatatu, Mkono Jumanne

Shule nilikaa miaka miwili tu, na mmoja kati ya hiyo niliumaliza nikichunga mbuzi wa mwalimu, kwa hivyo nikiandika kombokombo mnivumilie. Lakini hili nitalisema, maana meno yameniisha kinywani na hasira yake bado haijaisha.

Nilikuwa mbeba fanicha. Ni miaka ile ya hamsini, ya kutembea na pasi ya ruhusa ya serikali mfukoni. Muhindi mmoja mjini alikuwa na karakana ya meza na makabati, na sisi wabebaji wanne ndio tulikuwa lori lake. Unawekewa ngata ya gunia kichwani, unatwikwa, unapanda mguu kwa mguu mpaka Westlands kwa wenye majumba. Westlands ya wakati huo ilikuwa miti na mbwa. Mbwa wale walikuwa na akili mbaya: walijua mtu aliyeinua mikono yote miwili hawezi kuokota jiwe.

Basi Jumamosi moja mvua ilinyesha, na mimi na mwenzangu tulikuwa na meza kubwa ya kulia, yeye mbele, mimi nyuma. Kwenye lango la mwenye meza akateleza. Uzito wote ukanijia kichwani, shingo ikalia ka! kama kuni kavu. Sikuanguka. Hilo ndilo lililonidanganya, kwa sababu nilijiuliza, mtu asiyeanguka ameumia wapi?

“Hiyo shingo ni ya fahali,” mwenzangu akasema akijipangusa tope. “Ingekuwa yangu, sasa mngekuwa mnatafuta jembe la kaburi.”

Nikacheka, tukaifikisha meza. Jumapili kanisani sikuweza kugeuza kichwa. Mtu akinisalimu kwa kando nageuka mwili mzima kama kabati, na wengine wakanung'unika kwamba tangu nianze kwenda Westlands nimekuwa Mzungu.

Jumatatu nikaenda dispensari, pale kwetu Riruta. Dresa, yaani mfunga vidonda, alikuwa mmoja, mwenye kaptula nyeupe, na sisi sote tulimwita daktari naye hakukataa. Foleni ilikuwa ndefu, kwa hivyo alikuwa na sheria yake, anaitangaza kila asubuhi: “Ugonjwa moja! Ile ya pili kuja nayo kesho!” Sisi kwenye foleni tulikuwa tunashauriana tupeleke upi. Mama mmoja mbele yangu alikuwa na kikohozi na jicho. Akafikiri sana, akapeleka jicho.

Mimi nikapeleka shingo. Nikapewa dawa ya kuchua yenye harufu ya kuchoma pua. “Paka, enda kazi.”

Jumanne asubuhi kikombe cha chai kikanitoka mkononi. Vidole viwili vya kulia vilikuwa na ganzi, na mkono wote ulikuwa unawaka kutoka begani kama siafu wameingia. Nikarudi.

“Leo nini?”

“Mkono, daktari.”

“Uligongwa mkono?”

“Hapana.”

Na ni kweli, mkono haukugongwa! Akanipa vidonge vya njano. Mtaniuliza kwa nini sikutaja shingo. Nitawajibu bila kuona haya: shingo ilikuwa ya jana, ilishapewa dawa yake. Ningeirudisha, wangeniona mlafi wa dawa na kunitoa foleni. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nikikumbuka nataka kujizaba kofi.

Jumatano nikashika njia ya mjini. Sikuwa naenda dispensari, hapana. Kulikuwa na kinyozi huko aliyesifika kwa kunyoosha shingo: anakushika kidevu na kisogo, anazungusha, kak, unanyolewa, unalipa. Sijafika mbali nikasikia mke wangu nyuma ananiita. Alikuwa anatoka kuokota kuni, mzigo mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso, na mkononi ameshika akala moja ya tairi.

“Baba watoto, hii kiatu ni ya nani?”

Nikatazama chini kwa macho tu. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu. Akala ilikuwa imechomoka na mimi nimetembea bila kujua.

“Ni mguu,” nikamwambia. “Nitaupeleka kesho.”

“Kesho! Kwani mguu ni wa Alhamisi?” Akautua mzigo, puu. “Mimi nabeba na shingo tangu nikiwa msichana. Mkono ukifa ganzi natua kuni. Mama alituambia, ganzi ikifika mguuni, hutui kuni peke yake, unalala hapo hapo mpaka watu waje. Na wewe unaenda kwa kinyozi?”

Kulala njiani nikakataa; dispensari ilikuwa karibu, akanishika mshipi kama mwizi hadi ndani, foleni ikapiga kelele.

“Mama, ugonjwa moja!” dresa akasema bila kuinua kichwa.

“Ni moja. Meza ilimkandamiza kichwa Jumamosi. Shingo, halafu vidole, sasa mguu. Mwenye hivyo vyote ni huyu huyu.”

Kalamu ikasimama. “Usigeuze kichwa! Lala. Pole pole! Na kwa nini hukuniambia?”

“Ulisema moja.”

“Nilikuuliza kama uligongwa!”

“Uliuliza mkono!”

Tuligombana hivyo, mimi nimelazwa chali, yeye amenishika kichwa kwa mikono miwili. Watu wa foleni wakang'oa mlango wa stoo wakanibeba juu yake, mifuko ya mchanga imebana kichwa huku na huku, hadi hospitali kubwa. Huko daktari mwenyewe alisema mfupa umepasuka, na kinyozi angemaliza kazi kwa mzunguko mmoja. Akasema shingo ikipata kishindo usingoje, na ganzi au udhaifu ukiingia hata kidole kimoja, usitembee, usikubali kunyooshwa, ubebwe umelala. Nikamuuliza mbona hayo hayakubandikwa mlangoni kwa dresa.

Nililala wiki nyingi, kichwa kimefungwa kamba yenye mawe ya mizani ili shingo isisogee, nikihesabu nzi darini. Mguu ulirudi. Mkono ulirudi, isipokuwa vile vidole viwili. Kubeba kuliishia hapo, na vifungo vya shati vikawa kazi ya mke wangu. Mpaka leo kila Jumapili ananifunga vyote, cha kola anakiacha, anarudi nyuma hatua moja.

“Na leo unaumwa nini, baba watoto? Sema yote.”

Nami nasimama pale na kola wazi, nakasirika, nataja kimoja kimoja mpaka afunge.