Jumapili Tuliyoikimbia Kengele

Tulitoka nyumbani Jumapili asubuhi, mimi na mke wangu, bila kujua tunakwenda wapi. Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana, siku ya kushiriki mkate na divai. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya bonde, nyuma ya mashamba ya chai, na kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Mzee wa kanisa alipokigonga kwa nyundo, hata ng'ombe waliinua vichwa. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani akinisubiri nimfunge vifungo vya sweta, kwa maana vidole vyake vilikuwa vimeshindwa na kazi hiyo.

"Leo sitaki kuisikia," akasema.

"Kuisikia nini?"

"Hiyo reli. Nitoe hapa kabla hawajaigonga."

"Nikupeleke wapi?"

"Mimi nitajuaje? Othaya nzima wanasema hakuna barabara ambayo hujawahi kulala kando yake. Leo tumia hiyo elimu yako."

Nikamfunga vifungo, nikamtia shuka mabegani. Ndani ya kiondo nikaweka viazi vitamu vya jana, chupa ya chai na chupa nyingine ya dawa ya mizizi, ambayo siku zile sikutembea bila kuwa nayo. Tulipofika barabarani reli ikalia nyuma yetu. Hakugeuka, ila aliongeza mwendo, na kwa magoti yale niliona jinsi ilivyomuuma.

Kiondo chenyewe alikuwa amekisuka yeye. Ugonjwa ulianzia hapo. Siku moja aliweka uzi chini akasema uzi wa siku hizi umekuwa mnene. Nikauangalia, ulikuwa uzi uleule. Baadaye vifundo vya vidole vikavimba, halafu viganja, halafu magoti, na asubuhi alikuwa kama mlango wa mbao ulionyeshewa na mvua: mpaka jua lipande ndipo afunguke kidogo. Hospitali walisema ni baridi yabisi. Walimpa vidonge, navyo vilimsaidia mpaka vilipoanza kumchoma tumbo. Daktari alitueleza kwa upole kwamba kuna magonjwa mtu huishi nayo, hayaondoki.

Mke wangu alilipokea neno hilo. Mimi lilinishinda. Niliacha shule darasa la nne kwa sababu nilitaka kujua lori la mbao linapeleka mbao wapi, nikalipanda, na sikurudi mpaka sauti yangu ilipokuwa imebadilika. Mama yangu alisema nina miguu ya mbwa. Mimi nilimjibu kwa msemo wetu, kwamba mtoto asiyetembea hudhani mama yake peke yake ndiye ajuaye kupika. Basi hata kwa ugonjwa niliwaza hivyohivyo. Kama huyu daktari hajui, ajuaye yuko nyuma ya kilima kinachofuata.

Na kila kilima kilikuwa na mtu wake. Kangari, kule kwenye chai, palikuwa na mama aliyempiga viungo kwa thabai, yale majani ya kuwasha ambayo sisi huyachanganya na mahindi na viazi. Chaka, siku ya soko, palikuwa na mtu aliyetandaza mizizi juu ya gunia, akaniuzia ya kuchemsha na mifupa ya mbuzi. Niliipika mwenyewe. Majirani walinichungulia nimechuchumaa kwenye mafiga, mahali ambapo mwanamume wa kwetu haketi, nao wakaniuliza kama sasa nitajifunza na kubeba kuni kwa kamba ya kichwani. Supu ile ilimpa joto la saa chache. Halafu kulikuwa na mzee wa mizinga huko Kieni, aliyeshika nyuki mmoja mmoja na kumweka juu ya kifundo amdunge. Mzee alipomaliza, mke wangu akaitazama mikono yake akasema, "Haya. Sasa imevimba kwa sababu ninayoijua."

Tulicheka njia yote. Ni miaka mingi tangu nimzike, na kicheko hicho ndicho ninachokisikia kwanza nikimkumbuka.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye sikuwahi kumtaja nyumbani, mundu mugo, mganga wa desturi za zamani. Mke wangu alikuwa ameokoka tangu usichana wake. Alikuwa hali nyama ya mbuzi wa tambiko, na hata kibuyu cha pombe ya muratina hakupenda kukiona mlangoni. Ikaja ile miezi ya ukungu, wakati jua la kwetu hujificha mpaka mtu alisahau. Siku moja alishindwa kuinua kikombe. Nikamshikia, akanywa kama mtoto, uji ukamchuruzika kidevuni, na nilipompangusa akageukia ukutani.

"Mlete huyo mtu," akasema.

Sikumuuliza mtu gani.

Mganga alikuja na vibuyu vyake, akachinja mbuzi, akatoa taatha, yale majani ya kijani yaliyosagika tumboni mwa mnyama, akampaka mikononi na magotini. Kila alipopaka alimwambia ateme mate na kusema anautapika ugonjwa. Mke wangu alitema, akasema, macho amefumba. Mganga alikuwa mcheshi. Akisafisha kisu chake uani aliniambia, "Usiwe na uso huo. Hata wenye funguo za kanisa lenu huja kwangu. Tofauti ni kwamba wao huja jua likishazama."

Nilijua hasemi uongo. Nilipokwenda kumwita nilikuta baiskeli imefichwa nyuma ya ua wake. Ilikuwa na kiti kilichoshonwa ngozi ya kondoo, na baiskeli ya namna hiyo kwetu ilikuwa moja. Ilikuwa ya yule mzee aliyegonga reli.

Basi mikono ikafunguka. Siwezi kueleza kwa nini, nasema nilichoona. Kwa majuma kadhaa alishika kikombe, akamenya viazi, hata akakaribia kushika uzi. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ndugu waliookoka walikuwa na desturi ya kusimama mkutanoni na kuweka kila jambo nuruni, maana wanasema giza ndilo linaloua. Wengi walisimama wakaungama hasira, au maziwa waliyotia maji. Mke wangu alisimama akainua mikono yake miwili watu waione.

"Nilipakwa taatha," akasema, "na mikono hii ikafunguka. Siwezi kula pamoja nanyi nikiwa nimeficha."

Waliimba wimbo wa kusifu kama ilivyo kawaida mtu akiungama. Juma lililofuata wazee wa kanisa wakakaa, wakamzuia Meza ya Bwana mpaka waone matunda ya toba yake. Aliyesimama kuyasoma maamuzi alikuwa mwenye baiskeli.

Ugonjwa ulirudi kabla ya msamaha. Ulirudi wote, ukakaa. Na kila Meza ilipoandaliwa, mke wangu aliketi nyuma karibu na mlango, pamoja na watoto na wale ambao hawajabatizwa, akitazama sahani ya mkate ikipita mbali naye. Ile Meza ya Jumapili tuliyoikimbia ilikuwa ya tatu ama ya nne tangu azuiwe.

Basi Jumapili ile tulipata basi hadi Nyeri. Pale mjini, karibu na soko, nikaona lori la mbuzi ninalolijua. Mwenyewe alikuwa Muislamu wa Nanyuki, mfanyabiashara wa mifugo, ambaye zamani nilimsaidia kupakia na kushusha. Alikuwa amekwisha kuuza, anarudi kwao na lori tupu.

"Wewe!" akasema. "Iko hai bado? Mimi nilidhani ulikufa ama ulioa."

"Nilioa. Ndiye huyu."

Akamtazama mke wangu, akaweka mkono kifuani. "Pole sana, mama. Ulifanya makosa gani?"

"Nilimwonea huruma," mke wangu akasema. "Alikuwa na viatu tofauti."

Yule bwana alicheka akapiga mlango wa lori kwa kiganja. Akauliza tunakwenda wapi. Nikamwangalia mke wangu, naye akaniangalia. "Mbele," akasema. Basi yule bwana akampandisha ndani, akamkunjia gunia aegemeze mgongo, nami nikabanana nao.

Chaka alisimama anunue makaa. Mahali pa yule muuza mizizi palikuwa patupu, maana ni Jumapili. Tukakaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, nikamnywesha chai. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Sijui kwa nini nilichagua hapo, lakini nikamwambia habari za baiskeli nyuma ya ua, na kiti cha ngozi ya kondoo. Nilidhani atalia, au atasema turudi tukawaaibishe.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mke wake aliniambia. Walikuwa wakitafuta mtoto."

"Na ukakaa kule nyuma mlangoni, ukimtazama akigawa mkate! Kwa nini hukusema?"

"Nilisimama kusema yangu. Ya wale wawili si yangu." Akasogeza kikombe kwa kidevu, kuonyesha ameshiba. "Wewe unadhani nina uchungu na yeye. Mimi nina njaa tu."

Sikumwelewa sawasawa. Nikamtolea kiazi kitamu, akakiangalia akatabasamu, akala ili asinivunje moyo.

Kutoka Chaka nchi hukauka. Chai na migomba huisha, unabaki uwanda wa nyasi na upepo. Yule bwana akaanza kutueleza kwamba kwao Nanyuki, huko Majengo, yuko mwalimu wa madrasa anayeandika maneno ya kitabu chao juu ya sahani kwa wino wa zafarani, kisha anayaosha kwa maji, na mgonjwa anayanywa maji hayo. Wanaita kombe.

Moyo wangu uliruka. Nilimuuliza wino huo unapatikana wapi, sahani ni ya udongo ama ya bati, maneno ni yapi, mtu anakunywa asubuhi ama jioni, na je, asiyejua kusoma Kiarabu yanamfaa? Nilimuuliza mpaka akasema, "Ndugu, mimi nauza mbuzi." Mke wangu alikuwa ananitazama usoni, kama mtu anavyomtazama mtoto anayecheza karibu na mto.

Alitushusha Majengo, mbele ya nyumba ndefu ya mbao na mabati ya kulala wageni, akamwita mwenye nyumba. Alikuwa mjane wa Kiislamu, mnene, mwenye buibui iliyofifia, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu sote. Alipomwona mke wangu anavyoteremka, hakuniuliza mimi neno. Alikwenda akampa bega.

"Karibu, mwanangu. Polepole. Ardhi haikimbii."

"Tumesikia kuna mwalimu," nikaanza, "yule wa kuandika kwenye sahani..."

"Yupo. Hapo nyuma ya msikiti. Kesho asubuhi nitakupelekeni mkitaka."

"Mama," mke wangu akamwambia, "nimezuiwa meza moja tayari. Nikinywa hiyo sahani yenu nitazuiwa na ya pili, halafu nitakula wapi?"

Yule mjane akasimama akamtazama vizuri. Kisha akacheka, na mke wangu akacheka naye, wawili wameshikana pale uani, na mimi na kiondo changu nimesimama kama mtu aliyeletewa barua ya mwingine.

"Kwangu hapa hakuna wa kukuzuia," mjane akasema, "wala wa kukulazimisha."

Chumba chenyewe kilikuwa cha mwisho, upande wa machweo. Kitanda cha kamba, kigoda, dirisha la ubao. Ukuta wake wa nje ulikuwa wa bati tupu, na jua la uwandani lilikuwa limeupiga tangu adhuhuri. Mke wangu aliingia, akaweka mkono juu ya bati, akaondoa, akaweka tena. Kisha akaweka na ule wa pili. Akasimama hivyo, kiganja na kiganja, paji la uso karibu liguse.

"Pana moto," akasema.

"Mchana wote huwa hivyo," mjane akajibu. "Kiangazi kikianza mtalalamika."

"Sitalalamika."

Nikatoa chupa ya dawa ya mizizi nimpe ya jioni. Akatikisa kichwa. Nikamwambia ni kidogo tu, na kwamba kesho tukitoka kwa mwalimu, hata kama hatanywa, tunaweza kumuuliza tu, kuuliza si dhambi, na kwamba niliwahi kusikia Meru kuna...

"Mzee wangu," akasema. Hakuwa na hasira. "Umenitafutia. Nimeona. Sasa weka chini."

Nikaiweka chini, karibu na mguu wa kitanda.

Mjane alirudi na sinia la chai ya maziwa na mkate, akaliweka juu ya kigoda. Mke wangu akajaribu kuumega mkate, ukamponyoka. Mimi nilikuwa nimezoea kumsaidia, lakini mjane alinitangulia. Aliumega, kipande akakiweka katikati ya kiganja cha mke wangu kilichokunjamana, akamfungia vidole juu yake. Mke wangu akafumba macho. Midomo yake ilicheza kidogo kabla ya kula.

Mtu wa kuuliza ni mimi. Siku ile sikuuliza midomo hiyo ilisema nini.

Mjane akangoja mpaka alipomeza, ndipo akanigeukia. "Nikuandalieni siku ngapi? Ya leo peke yake?"

Maisha yangu yote, kila nyumba ya kulala wageni, jibu langu lilikuwa hilo: ya leo peke yake. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo.

"Mpaka siku jua litakapoacha kuupasha ukuta huu," mke wangu akasema.

Nikakivua kiondo begani, nikakitundika kwenye msumari.