Kiti cha Mwenyewe

Baba Mdogo aliponunua lile gari, mwuzaji alimwapia kwamba lilikuwa la mzee mmoja mtulivu, akilitumia kwenda kazini na kurudi, basi. Nikachungulia saa ya kilomita: laki tatu na ushee! Nikauliza, "Huyo mzee kazi yake ilikuwa mwezini?" Baba Mdogo akanikata jicho. Alikuwa ameacha kazi ya kupaka rangi nyumba za watu, na jasho lake lote la ujana lilikuwa limesimama pale kwenye matairi manne yasiyofanana.

Alilinunua kwa ajili ya magoti ya mkewe. Mama Mdogo ni fundi cherehani, na mimi nashona naye, cherehani ya pili karibu na dirisha. Duka lake liko juu ya kilima, na magoti yalikuwa yamegoma. Alishaanza kurudisha vitambaa vya wateja. Zikiisha kazi zilizo mkononi, anafunga duka. Alilisema hilo huku akikunja kanga za watu, wala hakulia. Mimi ndiye niliyelia, chooni.

Siku ya kwanza Mama Mdogo alipanda mbele, kajipara, mkoba mapajani. Gari likazima hapohapo getini. Akashuka, likawaka. Akapanda, likazima.

"Linanikataa," akasema. "Nilikwambia usilinunue, nalo limesikia."

"Mke wangu, gari halina masikio!"

"Basi lina macho."

Tangu hapo Baba Mdogo na fundi wake wakawa kama pete na kidole. Fundi tulimwita Sikio, kwa sababu alikuwa akiegesha bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, anafumba macho kama daktari wa mapafu. Akabadilisha plagi. Akabadilisha betri. Akasafisha tangi, akabadilisha na pampu ya mafuta. Kila mara wanalizungusha mtaani, Sikio kwenye usukani na Baba Mdogo nyuma, linakwenda utadhani jipya. Sikio anatangaza, "Gari ni zima kama kigongo!" Linarudi nyumbani, Mama Mdogo anakaa, linazima.

Mbona Baba Mdogo alikaa nyuma? Eti kile kiti cha mbele ni cha mwenyewe, mkewe. Hakuna kukikalia, hakuna kukiwekea mzigo. Alikivalisha nailoni, na nilipojaribu siku moja kuweka furushi la vitambaa pale alipiga kelele mpaka jirani akatoka na taulo.

Ikawa kichekesho cha mtaa mzima. Asubuhi Mama Mdogo anapanda kilima kwa miguu, na gari linamfuata nyuma polepole. Baba Mdogo yuko kwenye usukani, mkoba wa mkewe umekaa kiti cha nyuma kama bosi, na mimi pembeni ya mkoba nimeinamisha uso kwa aibu. Watoto wa shule wakauliza kama ni msiba.

Asubuhi moja, katikati ya kilima, Mama Mdogo akaketi juu ya jiwe, akayashika magoti yake. "Imebaki suti moja," akasema. "Nikiimaliza, nafunga."

Baba Mdogo akanywea. Akasema atalipeleka gari tena kwa Sikio, peke yake, mama apumzike. Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia.

"Peke yako, peke yako! Gari linaugua akiwepo mama, wewe unalipeleka hospitali bila mama! Leo tunakwenda sote, na kiti anakalia yeye!"

Sijawahi kumpigia Baba Mdogo kelele namna ile. Akageuza gari. Mama Mdogo akateremka kwa miguu, ameniegemea mimi, mpaka gereji.

Sikio akawasha injini. Mama Mdogo akakaa. Pu! Kimya. Akainuka, Sikio akawasha, ikaitika. Sikio akajikuna kidevu, akaanza kunung'unika kuhusu kubadilisha kitu kingine. Lakini Mama Mdogo alikuwa ameinama anakitazama kiti. Akaifunua nailoni.

"Nani kashona hapa?"

Sikio akatikisa kichwa.

"Mishono imelewa hivi, nani kashona? Na huu uzi wa zambarau ni wangu. Niliutafuta siku nzima, nikamgombeza mtoto wa watu bure!"

Mtoto wa watu ni mimi. Nikamgeukia Baba Mdogo. Alikuwa anatazama paa la gereji.

Mama Mdogo akatoa wembe mkobani, akafumua. Ndani ya sponji kulikuwa na waya, umevutwa kutoka sakafuni, umeungwa kwa kusokotwa tu na kufungwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ule wa wapaka rangi. Sikio akaubonyeza kwa kidole, kiungo kikaachana. Akaachia, kikagusana. "Mzee! Umeukata waya wa pampu ya mafuta!"

"Nilikuwa natafuta umeme," Baba Mdogo akasema kwa sauti ndogo. "Wa feni."

"Feni gani?" Mama Mdogo akauliza.

Akafungua kijisanduku kilicho mbele ya kiti. Feni ndogo ya plastiki ilikuwa imejibanza ndani, inamtazama Mama Mdogo. Tangu umri umgeuke, yeye husikia joto hata wenzake wakivaa sweta. "Nilitaka ukishapanda vizuri, ndipo nikuwashie. Hukuwahi kupanda vizuri."

Mama Mdogo akatoa sindano, akangoja Sikio aunge waya sawasawa na kuifunga feni mbele ya kiti, kisha akakishona kiti upya, kwa uzi uleule wa zambarau. Akakaa. Injini ikaendelea kunguruma.

"Washa feni," akasema.

Baba Mdogo akaiwasha, ikamtemea vumbi la miezi usoni. Akafumba macho, akatabasamu, vumbi na vyote.

Tukapanda kilima kama wafalme. Karibu kabisa na duka, gari likakohoa, likazima.

Baba Mdogo akashika kichwa. Hatua chache mbele, mteja alikuwa anangoja mlangoni na kitambaa kwapani. Nikachungulia mshale wa mafuta: petroli imekauka kau! Walibadilisha kila kitu humo ila hawakujaza mafuta.

Nikamfungulia Mama Mdogo mlango ashuke. Akauvuta, akaufunga.

"Mimi sishuki humu," akasema, feni inampepea. "Sukumeni. Na wewe mteja, usiondoke na kitambaa chako, nakuja."