Kipandio cha Greda

Majirani walimwita Kiguu na Njia, maana hakuwa mtu wa kutulia. Hata chai aliinywa amesimama. Kazini aliendesha greda la kusawazisha barabara, na hakuna aliyewahi kumwona akishuka kama watu. Akishazima injini, anafungua mlango na kuruka. Kipandio cha chini kilikuwa kimeng'oka zamani. Msimamizi alipotaja kukichomelea, yeye alicheka, akasema hicho ni cha wazee.

Asubuhi moja ya manyunyu aliruka kama kawaida. Kiatu chenye tope kikateleza, akatua kwa kisigino kimoja juu ya kifusi. Mfupa ukasagika. Daktari akamfunga plasta ngumu na kumkataza kukanyaga.

Hapo ndipo mkewe, fundi cherehani, alipokiona cha mtema kuni. Chumba ni kimoja, na mume hakai kimya: mara aulize nani kapita, mara aulize greda lake anaendesha nani, mara agonge gongo kwenye mguu wa meza mpaka sindano inaruka mshono. Mwisho mkewe akamwambia, macho yakiwa kwenye kitambaa, "Baba watoto, nenda kaione hiyo mashine yako. Mimi nina nguo za watu."

Akaenda kwa magongo. Akamkuta dereva mpya, mwanamke, akishuka kinyumenyume, mikono yote imeshika vyuma, mguu ukitafuta kipandio. Kilikuwa kipya, bado kinang'aa.

"Wamekutengenezea wewe," alisema.

"Niligoma kupanda, kaka. Nilikaa pale kwenye matofali mpaka fundi akaja. Wewe uliwahi kugoma?"

Alimkabidhi magongo, akajivuta juu hadi kitini, akashika usukani. Alipotaka kushuka, ardhi ikamtisha. Jasho likamtoka. Ikabidi yule dada amwelekeze kutoka chini: ageuke, aitazame mashine, atangulize mguu mzima. Mafundi waliacha kazi wakatazama. Hakuna aliyecheka.

Kisigino kilipona kikiwa kimepinda, na greda hakulirudia tena. Sasa huongoza malori yanayorudi nyuma pale pale, kibendera mkononi, akizunguka mno hata madereva wanalalamika. Dereva akifungua mlango na kutanguliza miguu nje, humkuta amesimama chini yake, hapishi, mpaka dereva ageuke aitazame mashine.