Chumba cha Tano

Mwaka 2006 Batuli, binti wa Kondoa, alikuwa akitengeneza ukurasa wa intaneti wa nyumba moja ya wageni ya Ipagala. Vyumba vilikuwa vinne, kila kimoja na jina lake. Lakini ukurasa ulipofunguka ulionyesha cha tano, na mahali pa jina palikuwa na mistari ya programu ambayo hakuiandika yeye.

Mwandiko aliutambua. Ulikuwa wa Anyitike, mwenzake wa ofisini Nkuhungu, ambaye alikuwa ameitaka sana kazi ile akanyimwa.

Alibadilisha nywila, akaanza kumwangalia Anyitike kwa pembe ya jicho. Kila Batuli alipofuta kazi yake na kuandika upya, chumba kile kilirudi. Siku moja alitoka kuswali adhuhuri, na aliporudi akamkuta Anyitike ameinama mbele ya kompyuta yake.

"Unatafuta nini hapo?"

"Naangalia tu, dada. Nimeona una shida."

"Shida umeiweka wewe."

Mama Emilia, mwenye ofisi, akatoka chumbani kwake kusikiliza. Anyitike alionyesha mstari mmoja kwenye kioo. "Umepita kwenye safu ya majina ya vyumba kwa njia fupi, ile amri ya 'for in'. Hiyo inaokota kila kilichoning'inizwa kwenye safu. Lile faili langu la programu tunalotumia wote hapa ofisini limeziongezea safu zote uwezo wa kuondoa majina yanayojirudia. Nao unaokotwa kana kwamba ni chumba cha tano. Hesabu kwa namba."

Batuli aliandika upya mbele yao: anza sifuri, panda moja moja, simama safu inapokwisha. Vikabaki vyumba vinne.

"Na hilo faili ulilibadilisha lini bila kutuambia?" akauliza.

"Nilimwambia mama."

Mama Emilia alifikiri kidogo. "Huenda uliniambia," alisema. "Sikumbuki."

Batuli aliomba radhi kwa kumshutumu mbele ya mkubwa wao, na Anyitike akasema yameisha. Mwenye nyumba ya wageni aliupokea ukurasa akafurahi. Lakini Batuli, kila alipopita kwenye safu, alihesabu kwa namba, hata pale ambapo njia fupi ingetosha. Na faili lolote lililotoka kwa Anyitike alilisoma lote, mstari kwa mstari, kabla ya kuliruhusu liguse kazi yake.