Mama na Rangi ya Sendofu

Mama alikataa katakata kuingia kwenye sendofu yangu na mvi. Ilikuwa Alhamisi, sherehe ya kuniaga ni Jumamosi, ukumbi tumeshalipia huko Boko, na yeye amekaa uani na taulo mabegani, anakoroga rangi nyeusi ya nywele kwenye kibakuli.

"Mama, boksi linasema ujaribu kwanza nyuma ya sikio, usubiri siku mbili."

"Siku mbili nizitoe wapi? Wakwe waje waseme umesindikizwa na bibi yako?"

Nikafoka, akafoka zaidi. Sie ndivyo tulivyo, tunapendana kwa makelele. Akajipaka mwenyewe, na mie nikaenda zangu kupima gauni.

Ijumaa asubuhi nikasikia ananiita. Weee! Uso umeumuka kama andazi, macho yamefumba kabisa, kichwa kinatoa majimaji. Nilimpakia kwenye bajaji nikiwa na ndala za bafuni.

Daktari alimchoma sindano, kisha akamuuliza kama amewahi kuchorwa piko mikononi. Aliwahi. Jirani yetu wa Mabibo alipomwoza binti yake, mama naye alikalishwa mkekani akachorwa maua meusi. Siku chache baadaye maua yale yakainuka yakawa malengelenge. Mama, Mchaga wa watu, akaona urembo wa Pwani haumtaki, akavaa mikono mirefu ili jirani asijisikie vibaya.

"Piko hiyo wanakoroga kwa rangi hii hii ya nywele," daktari akasema. "Mwili wako uliikataa tangu siku ile, na mwili hausahau. Usiiguse tena maisha yako yote."

"Kumbe!" mama akasema. "Na mie nilivyowasingizia watu wa Pwani!"

Alicheka, lakini kwenye bajaji ya kurudi akaanza kulia. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, kwa hiyo siku ya sendofu tulikuwa tukiisubiri wawili tu.

"Nimekulea ili nije nikuone umevaa gauni lile," alisema. "Sasa nitakuona kwa macho yapi? Shangazi yako akae pale mbele, mie nibaki nyumbani."

"Thubutu! Usipokuja, naahirisha."

Akaja. Alishikwa mkono, kavaa miwani myeusi na kilemba, na mshereheshaji akatangaza kwamba mama wa bibi harusi leo ametoka kistaa. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja.

Ulipofika wakati wa kumlisha keki, nilipiga magoti mbele yake. Mkono wake ukanitafuta usoni, ukapita shavuni, ukashuka taratibu hadi kwenye shanga za gauni.

"Umependeza?" akaniuliza.

"Nimependeza, mama."

"Usinidanganye, we mtoto."

"Nimependeza sana."

"Haya, nimekuona," akasema, akafungua mdomo kusubiri keki.